Aliyeifunga Mipira ya Gari la Adero

Wanaume wa Bondo wana ugonjwa mmoja. Wakiona mwanamke anashuka upande wa dereva wa pikapu kubwa, macho yao yanaanza kumtafuta mwanamume aliyemleta. Adero amewazoea. Anashuka, anakaza leso kiunoni, anafungua boneti mwenyewe, kisha anapaza sauti: "Simiyu! Toka huko, ama bado unanyonyoa kuku?" Mimi ni Mbukusu, watu tunaosemwa kwa kupenda kuku, na hapa kwa Wajaluo habari ya kuku itanifuata mpaka kaburini.

Gereji yangu ni mabati machache na shimo moja kando ya barabara ya kwenda Ndori. Kwa miaka mingi Adero hakuwa mteja wangu hasa. Alikuwa akipita akitoka ziwani, anaongeza maji kwenye rejeta, ananitania, halafu anaendelea na safari ya Kisumu. Gari lake lilikuwa na fundi wake huko mjini, karibu na soko la Kibuye. Mzee Faraji. Na Mzee Faraji huyohuyo ndiye aliyenitia mimi spana mkononi. Nilikaa kwake miaka minne, na karibu kila ninachojua kuhusu magari ya zamani nilikitoa kichwani mwake. Siwezi kusimulia habari za Adero nikamruka yeye, ingawa siku hizi hata kulitaja jina lake kunanichoma.

Pikapu aliinunua Oketch, mume wa Adero, ikiwa tayari imezeeka: ya mwaka wa tisini na sita, dizeli, four-wheel. Alibeba barafu kutoka Kisumu hadi kwenye pwani ndogo iliyo mbele ya Luanda Kotieno, akirudi na mbuta, wale samaki wakubwa, kwa viwanda vya mjini. Mwaka wa 2013 presha ilimwangusha akiwa bado na nguvu zake. Matanga hayajaisha, ndugu zake wakaja na mambo mawili: mjane arithiwe, na gari lirudi bomani. La kwanza Adero alilikataa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. La pili hakuwa na la kusema, maana gari lilikuwa kwa jina la marehemu, na yeye hata kuliwasha hakujua.

Faraji ndiye aliyemwokoa. Oketch alikuwa rafiki yake wa kufa kuzikana, na mke wa rafiki alimwita shemeji. Asubuhi moja aliliingiza gari uani kwake akatuamuru mafundi wote tufungue injini. Yote, mpaka nati ya mwisho. Tuliipanga juu ya magunia, kila kitu kwenye kopo lake. Ndugu za marehemu walipofika na dereva wao walikuta mifupa.

"Hii kazi ni kubwa," Faraji aliwaambia, uso mkavu kabisa. "Inaweza maliza mwaka."

Walirudi mara mbili. Mara ya tatu walituma ujumbe kwamba mjane abaki na vyuma vyake. Wiki iliyofuata injini ilikuwa imerudi mahali pake na inanguruma. Kisha, kila alfajiri kabla ya kazi, Faraji alimchukua Adero kwenye uwanja wa wazi akamfundisha kuendesha, kubadili tairi, kupima oili, kusikiliza beringi. Kwa hiyo Adero aliposema kila mahali, hata kanisani, kwamba Mungu alimchukua Oketch akamwachia Baba Safia, mimi sikuona kuwa anatia chumvi. Safia ni binti wa kwanza wa Faraji. Alipoolewa na kijana anayeitwa Usama, Adero ndiye aliyebeba vyombo vyake vya harusi kwa pikapu hiyohiyo, akipiga honi kuanzia Kibuye hadi Manyatta.

Sasa nieleze ile pwani, la sivyo hamtaelewa kilichoibiwa. Ukiiacha lami pale kwenye feri ya Luanda Kotieno, unaingia njia ya udongo mweusi inayoteremka mpaka mchangani. Jua likiwaka hata gari dogo linashuka. Mvua ikinyesha, udongo ule unakula magurudumu. Wenye boti wa pale wako tisa, na hawaandikiani mkataba na mtu. Wanasema jua likiwaka kila mtu ni rafiki, kwa hiyo mchukuzi wanampima kwa mvua za masika tu. Siku zao za samaki ni Jumanne na Jumamosi. Anayefika mchangani siku zote hizo masika nzima, boti zote tisa ni zake mpaka masika mengine. Ukikosa mara moja, ni bahati mbaya. Ukikosa mara ya pili unaonywa. Mara ya tatu wanakaa, wanachagua mwingine, na hawakurudii tena maishani.

Masika kumi na moja Adero hakuwahi kukosa hata siku moja. Boti hizo ndizo zilizomjengea nyumba ya matofali, na ndizo zilizompeleka binti yake, Terry, kusomea uuguzi, na sasa Terry amebakiza mwaka mmoja. Ukimwondolea boti tisa umemwachia pikapu ya kubebea mchanga.

Mwaka huu, mwezi wa nne, akakosa. Alifika kwenye mteremko, akasimama, akaingiza four-wheel, akasikia gari likijibu kama kawaida. Alipoanza kushuka, magurudumu ya nyuma yalizunguka yakirusha matope, na ya mbele yakakaa tu kama wageni. Ng'ombe ndio waliomtoa. Siku hiyo samaki walibebwa na Usama, mkwe wa Faraji, ambaye mwezi wa pili alikuwa amepata pikapu ya four-wheel kama ya Adero. Adero alimshukuru Mungu. Afadhali Usama, alisema, kuliko mtu wa nje.

Alilipeleka gari kwa Faraji. Faraji aliingia chini, akatoka akipangusa mikono, akamwambia meno ya difu ya mbele, ile gia inayoyapa magurudumu nguvu, yameisha, spea inatoka Nairobi, avumilie. Akavumilia, na siku zilizokuwa kavu alishuka bila shida. Jumanne moja ya mwezi wa tano mvua ikapiga, akakosa mara ya pili, na Usama akabeba tena. Adero akarudi kwa Faraji, na Faraji akamwambia spea iko njiani.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo alishindwa kukaa. Alikwenda kulijaribu gari kwenye mteremko likiwa tupu, likazama, likavutwa na ng'ombe kwa mara ya tatu, na saa nane mchana akaingia kwangu akiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Siku hiyo hakunitania kuhusu kuku.

"Simiyu, angalia hii gari yangu," alisema. "Jumamosi nikikosa, nimeisha. Omera, ndugu yangu, nimeisha kabisa."

"Mzee Faraji amesema nini?"

"Amesema ni meno ya difu. Lakini mimi nasikia hakuna meno inalia. Meno ikiisha si inalia?"

Alisema kweli, meno yaliyoisha hulia. Niliinua mbele kwa jeki, nikaikagua difu, nikaizungusha kwa mkono. Ilikuwa nzima, tena safi kuliko difu nyingi ninazoziona. Hapo nikaizungusha tena, maana Mzee Faraji hakosei difu. Naweza kumkosea mama yangu jina kabla Faraji hajakosea difu.

Magari haya ya zamani, magurudumu ya mbele hayavuti mpaka difu ya mbele ijifunge, na inafungwa kwa mvuto wa hewa. Nyuma ya alteneta kuna pampu ndogo inayonyonya. Mpira mnene unatoka hapo kwenda kwenye breki, na breki za gari zima zinategemea mnyonyo huo. Mpira mwingine unakwenda kwenye valvu mbili za umeme. Kutoka kwenye valvu hizo mipira miwili myembamba inashuka hadi kwenye kikombe kilicho juu ya difu. Ukiingiza gia, valvu inalia tak, kikombe kinavutwa, difu inajifunga. Taa ya kuonyesha kwenye dashibodi iliungua zamani za Oketch. Adero aliitegemea ile tak.

"Ingia ndani, tia four-wheel," nilimwambia.

Tak.

"Si unaona? Inakubali!"

"Inakubali kwa mdomo," nikasema.

Nilianza kule nilikofundishwa kuanzia, kwenye pampu. Faraji alikuwa akitupiga konzi kwa hilo: fuata mpira kutoka panapoanzia pumzi, usikimbilie panapouma. Nikatia kidole gumba kwenye mdomo wa pampu, kikanyonywa vizuri. Nikaufuata mpira wa breki, mzima. Nikaufuata ule wa kwenda kwenye valvu, mzima pia. Kuanzia kwenye valvu mipira ilikuwa imeviringwa tepu nyeusi pamoja na nyaya, ikapita chini ya betri na kushuka. Ukiitazama juujuu utaapa kwamba ni kitu kimoja kinachoendelea. Nikalala chini ya gari, nikauchomoa mpira mmoja kwenye kikombe cha difu, nikamwambia Adero aweke shavu kwenye valvu na mimi nipulize.

Nikapuliza mpaka masikio yakaziba.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hata kidogo?"

"Simiyu, nimesema hakuna. Hata nzi ingepumua ningesikia."

Niliitoa betri na kukata tepu. Chini yake nikaona mipira yote miwili imechomolewa kwenye valvu. Hilo lingekuwa jambo dogo, mipira huzeeka ikachomoka. Lakini kila mdomo ulikuwa umezibwa. Midomo miwili ya valvu na midomo miwili ya mipira, minne yote, imezibwa kwa vizibo vidogo vyeupe vilivyochongwa kwa kisu, vikapakwa vaselini, vikafungwa kwa uzi wa nyavu wa kijani, mizunguko mitatu na fundo moja.

Nikakaa chini. Nikavichomoa kimoja kimoja, kila kimoja na uzi wake.

Vizibo vile nimevichonga mimi mwenyewe mamia. Vinakatwa kwenye soli ya patipati za bafuni. Mafundi wengine wakitaka kuziba mpira wanachomeka bolti, au msumari, au kijiti cha muwa, basi. Faraji alikuwa hakubali. Mdomo ukiachwa wazi, alisema, unameza vumbi, vumbi linaua pampu, na pampu ikifa, breki imekufa na mtu amekufa. Katika Kisumu yote sijaona mtu mwingine anayefanya hivyo isipokuwa yeye na sisi aliotufundisha. Adui angekata mipira kwa wembe akaenda zake. Huyu aliyefanya hivi aliziba hata ile midomo ya upande wa difu, ambayo haidhuru breki, ili maji yasiingie kwenye kikombe. Alitaka Adero asishuke ule mteremko. Na alitaka sana asife.

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Ningemwelewa mshenzi.

Adero alikuwa amesimama juu yangu. "Ni nini?"

"Mipira imechomoka," nikasema.

Aliinama akaokota kizibo kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. "Imechomoka ikajifunga na kamba?"

Nikavuta mpira wa pili, nikajifanya naukagua.

"Nani amefanya hii?"

Na mimi nikasema, "Sijui, Mama Terry."

Alisimama akifikiri, na nikaona uso wake ukitafuta adui na kumpata. "Ni hao ndugu za Oketch," alisema. "Miaka kumi na moja bado wanataka gari! Wameingia kwangu gari ikiwa imelala nje. Lazima nimwambie Baba Safia. Kesho naenda kwake moja kwa moja, yeye ndiye atajua la kufanya." Machozi yalikuwa yameanza kumlenga, ya hasira na ya kufarijika kwa pamoja, kwa sababu alikuwa na mtu wa kumlilia.

Nilimwambia asiende Kisumu kesho. Nilimwambia aliache gari kwangu Ijumaa nibadilishe mipira yote, alale kwa dada yake hapa Bondo, Jumamosi tushuke pamoja. Akakubali. Vizibo vinne alivifunga kwenye pembe ya leso.

Nilichofanya baada ya hapo nitakisema bila kujipamba. Nilimpigia Faraji simu.

Sisi tuliolelewa gereji tuna adabu yetu. Fundi aliyekufundisha humwanikii kosa mbele ya mteja kabla hujampa nafasi ya kulirekebisha. Hata akiacha bolti legelege, unamwita pembeni. Yeye mwenyewe alinifundisha hivyo, na nilikuwa nimeishika adabu hiyo miaka mingi bila kujiuliza ina mwisho wapi. Nikajiambia: atashtuka, ataona aibu, atakwenda kwa Adero mwenyewe na kumwangukia.

"Mzee," nilimwambia, "nimefungua gari ya Mama Terry. Nimeona vizibo."

Nilisikia nyundo ikigonga bati uani kwake.

"Umerudisha mipira?"

"Kesho nitamaliza. Jumamosi anashuka."

"Umemwambia?"

"Hapana. Nimekuachia wewe."

"Asante, mwanangu," alisema. "Hiyo ni heshima. Mimi nitaongea na shemeji mwenyewe."

Nililala nikijiona mtu mzima mwenye busara.

Jumamosi mvua ilianza alfajiri. Tulishuka na barafu tuliyoipata Bondo. Nilipanda naye, eti nisikilize difu. Pale juu ya mteremko alisimama, akaingiza gia, ikalia tak, akanitazama. Kisha magurudumu yote manne yakauma udongo, na pikapu ile ikateremka polepole, imara, bila kuyumba hata mara moja. Adero alipiga kelele kama msichana. Alipiga usukani, akanipiga na mimi begani, akasema akirudi atanichinjia jogoo mzima nile peke yangu. Tulifika mchangani dakika ishirini kabla ya boti.

Pikapu ya Usama ilikuwa tayari pale, imelala hapo tangu Ijumaa, na masanduku yake ya barafu yamepangwa mahali ambapo Adero hupanga yake.

Aliyekuja kutupokea ni Okello, ambaye ana boti tatu kati ya zile tisa na ndiye huongea kwa niaba ya wenzake. Alikuwa anatazama maji, hatutazami sisi.

"Min Terry," alisema, yaani Mama Terry kwa Kijaluo, "tulikaa jana."

"Mlikaa jana kwa nini? Mimi nimekosa mara mbili. Leo niko hapa."

"Ni kweli. Lakini fundi wako alikuja hapa jana mchana. Huyo mzee Faraji. Alituambia gari imeisha kabisa, ati hata ikifika leo itakuwa ni bahati tu. Alisema wewe ni kama dada yake, hataki ufe kwa hii mlima. Mpaka alilia." Okello alikuna shingo. "Sasa kama fundi wako mwenyewe anasema hivyo, sisi tutasema nini? Tumempatia Usama."

Adero aliigeukia pikapu yake, iliyosimama mchangani imejaa matope kwenye magurudumu yote manne. "Si mnaona imeshuka," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Tunaona, Mama. Lakini neno limetoka."

Usama hakusogea karibu. Alijifanya anahesabu barafu.

Tulipanda mteremko na barafu yote ikiwa nyuma, inayeyuka. Juu, kwenye lami, Adero alisimamisha gari pembeni, akafungua pembe ya leso, akavipanga vile vizibo vinne juu ya dashibodi.

"Wewe ulifundishwa na yeye," alisema. "Hii kitu, wewe unajua kuichonga?"

"Najua."

"Ni ya yeye?"

"Ni yake."

Aliligeuza gari kuelekea Kisumu. Ningeweza kusema habari ya simu pale pale. Nilikuwa na safari nzima ya kuisema, kutoka Luanda Kotieno mpaka Kisumu. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya pili ilikuwa imekaa kando yake inatazama mvua dirishani.

Tulifika kwa Faraji adhuhuri, mvua imekatika. Alikuwa ametoka kuswali, kofia bado kichwani, ameketi kwenye kiti chake cha mbao karibu na mashine ya kuchomelea. Alipoiona pikapu hakusimama. Adero alikwenda moja kwa moja akaviweka vizibo kwenye meza ya kazi mbele yake, kimoja kimoja, kama anavyowapangia watu samaki. Nilijua Adero ni mtu wa kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Baba Safia, niambie si wewe," alisema taratibu. "Sema tu. Nitaamini."

Faraji alivitazama vizibo kwa muda mrefu. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Nilimwombea adanganye.

"Breki sikugusa, shemeji," alisema. "Wallahi breki nilihakikisha. Nilipima mara tatu. Singeweza kukuua."

"Sijauliza breki."

"Usama alikaa nyumbani miaka miwili bila kazi. Safia ana watoto wawili na wa tatu tumboni. Kila wiki anarudi kwangu analia. Nilimtafutia gari. Gari bila boti ni nini? Nifanye nini, shemeji? Mtoto ni mtoto."

"Ungeniomba."

"Ningekuombaje chakula chako?"

"Ungeniomba!" Sasa sauti ilipanda, na mafundi kule nyuma wakaacha kugonga. "Ningempatia boti nne na mkono wangu! Safia si nilimbeba na hii gari? Mimi si ni mtu wa hii nyumba?"

Faraji aliinamisha kichwa. Sijui kama alitaka kujitetea au alitafuta tu mtu wa kugawana naye mzigo, maana aliponyanyua macho alinitazama mimi.

"Shemeji, mimi nilikuwa nimeanza kuogopa. Nilitaka kuifungua mwenyewe masika ikiisha. Lakini Simiyu akanipigia simu Alhamisi. Akaniambia ameona vizibo, Jumamosi unashuka. Nikaona nikichelewa, Usama amekosa. Ndiyo nikaenda kwa wenye boti."

Adero aligeuka polepole. Nilitaka kueleza habari ya adabu, ya kumpa mwalimu nafasi, ya heshima. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tangu asubuhi na yalikuwa mazuri.

"Alhamisi," alisema. "Mimi nasimama kwako nalaani ndugu za Oketch, na wewe unajua. Halafu nikitoka, unampigia."

"Mama Terry, nilidhani ata..."

"Nyamaza, Simiyu."

Akamgeukia Faraji tena. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi kukitazama. Alikiokota kizibo kimoja akakishika kwa vidole viwili.

"Ungezikata," alimwambia. "Ungechukua kisu ukate hiyo mipira, uache imening'inia. Ningejua ni adui. Na ningekuja hapa kwako kulia."

Alikirudisha mezani. Akaomba ufunguo wa pili wa gari, ambao Faraji alikuwa ameuweka tangu mwaka Adero aliofiwa, kwa ajili ya siku ambayo wake ungepotea. Faraji aliutoa kwenye droo akampa. Adero alipanda, akawasha, akafunga kioo. Nilisogea upande wa pili nikashika kitasa cha mlango. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Aliondoka polepole, akapita lango, akaingia barabarani kuelekea Kibuye, maji ya barafu yakidondoka nyuma.

Mafundi walirudia kugonga bati. Mimi nilibaki nimesimama pale katikati ya uwanja na matope ya Luanda Kotieno kwenye viatu. Faraji aliweka birika kwenye jiko, akavuta stuli ya pili kwa mguu, akaipangusa kwa kitambaa chake cha oili.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Kunywa chai."

Nilikaa.